Wa Ishirini Kuambiwa

Kalunde Mihayo alipoweka unyayo wake wa kulia chini, nyumba ikajua kwamba ameamka. Sakafu ilimpima uzito, kilo sitini na moja na nusu, ikaulinganisha na wa jana, ikasoma jinsi kisigino kilivyotangulia vidole, kisha ikapeleka habari jikoni. Birika likaanza kuchemka. Pazia likafunguka robo tu, maana macho yake hayakupenda mwanga mkali kabla ya kunawa. Bafuni, mswaki ulipima mate yake, na choo nacho kikapima kilichokuwa chake kupima. Alipofika mezani alikuta chai tayari imemiminwa, tangawizi ya kutosha, sukari pungufu kuliko alivyopenda.

Hiyo ndiyo iliyoitwa nyumba tambuzi, na katika jiji la Tabora la miaka hiyo, lenye watu milioni nne na minara ya makazi iliyosimama safu kwa safu kutoka Ipuli hadi mwisho wa macho, hapakuwa tena na nyumba ya namna nyingine. Ndani ya kuta zake mlipachikwa vihisi, vidude vidogo kama punje za ulezi, vinavyosikia, vinavyonusa na kuhesabu pumzi. Habari za vihisi vyote zilikwenda kwa akili mnemba moja iliyoitwa Mtambuzi. Mtambuzi hakuwa na uso wala sauti. Kazi yake ilikuwa kujua. Kila siku saa moja na nusu asubuhi aliandika muhtasari wa mkaaji wa nyumba na kuupeleka kwa wale waliokuwa katika duara lake la ridhaa: jamaa, daktari, mwajiri, jirani wa karibu. Wenye haraka hawakuusoma. Waliangalia nukta iliyokuwa juu yake, ambayo ingeweza kubadilika saa yoyote. Nukta ya kijani ilimaanisha kwamba mtu yuko salama na hakuna haja ya kumtafuta.

Kalunde alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na sakafu ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Miaka ishirini na miwili nyuma, akiwa mhandisi kijana katika Shirika la Nyumba Tambuzi, ndiye aliyemfundisha Mtambuzi kutambua mwendo wa mtu mmoja kati ya watu elfu. Hakuwahi kuijutia kazi hiyo. Marehemu mumewe, Kapufi, alipoangushwa na kiharusi bafuni, sakafu iliita gari la wagonjwa kabla hata yeye mwenyewe hajakimbia kutoka chumba cha pili. Kapufi aliishi miaka sita zaidi. Miaka hiyo sita Kalunde aliihesabu kuwa zawadi ya vihisi, na aliyevisema vibaya mbele yake alijibiwa.

Walikuwa na mtoto mmoja, Nyamizi, aliyekuwa akifanya kazi katika hifadhi ya mbegu kule Mbeya. Zamani Nyamizi alikuwa akimpigia mama yake simu mara mbili kwa wiki. Duara la ridhaa lilipoanza, simu zikawa moja kwa wiki, kisha moja kwa mwezi. Hakuwa mtoto mbaya. Kila asubuhi aliitazama nukta ya mama yake, akaiona ya kijani, moyo wake ukatulia. Kupiga simu kuuliza jambo ambalo limekwisha kujibiwa kulionekana kama kumsumbua mzee. Ndivyo walivyofanya watu wote mjini, na Kalunde mwenyewe hakumpigia dada wa marehemu mumewe, kwa sababu nukta yake nayo ilikuwa ya kijani. Zilikuwapo wiki zilizopita bila Kalunde kutamka jina la mtu yeyote kwa sauti.

Kisha mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo.

Jirani yake wa mlango unaotazamana na wake, Mama Shija, alikuwa akimwachia wajukuu wake mapacha kila Alhamisi jioni aende mazoezi ya kwaya. Alhamisi moja hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Kalunde alipomkuta ngazini na kumuuliza watoto wako wapi, Mama Shija alianza kupekua mkoba wake kama mtu aliyepoteza kitu.

"Nimewapatia roboti yaya, Mama Nyamizi. Wewe pumzika tu."

"Sijawahi kukuambia nimechoka."

"Najua. Pumzika tu," alisema Mama Shija, akampita.

Kazini, mkuu wa idara, Lusekelo, ambaye Kalunde alimfundisha tangu akiwa hajui kushika kipima umeme, alimwita ofisini na kumfungia mlango kwa adabu.

"Mwalimu, umefanya kazi ya watu watatu maisha yako yote. Kuanzia sasa tunaomba ushauri wako tu."

"Ushauri juu ya nini?"

"Juu ya mambo yatakayojitokeza."

Hayakujitokeza. Kwa miezi miwili Kalunde alikaa kwenye meza safi karibu na dirisha, akasalimiwa vizuri asubuhi na kuagwa vizuri jioni, na katikati hakuulizwa neno. Nyumbani jiko lake likaanza kujizima kila baada ya dakika kumi na tano. Alilifungua, akalikagua waya kwa waya, hakuona kasoro. Na kila aliposimama mbele ya kioo cha ukumbini, duka fulani la viatu lilimwonyesha tangazo la viatu visivyo na kamba. Alilikataa tangazo hilo mara nyingi. Lilirudi kila mara na rangi mpya.

Jumamosi moja alichoka kukaa. Akavaa gauni la kitenge, akafunga chupa ya asali ya miombo aliyojua Nyamizi anaipenda, akaenda kituo cha treni ya sumaku. Kutoka Tabora hadi Mbeya ilikuwa safari ya saa moja na nusu. Hakumwambia mwanawe kwamba anakuja. Alitaka kumwona uso wake akishtuka.

Lango halikufunguka. Juu yake yakatokea maandishi ya rangi ya chungwa: *Safari hii inahitaji mwenzi.*

Kalunde aliweka kiganja upya. Maandishi hayakuondoka. Watu waliokuwa nyuma yake walihamia foleni nyingine bila kulalamika, na hilo pia lilimshangaza. Akaja msichana wa kituo, mwenye sare ya buluu. Alitazama kioo kidogo kilichokuwa mkononi mwake, kisha akamtazama Kalunde, na uso wake ukalainika.

"Shikamoo, bibi. Una mtu wa kukusindikiza?"

"Marahaba. Naenda kwa mwanangu, Mbeya. Sihitaji msindikizaji."

"Naelewa, bibi. Ngoja nikuitie gari likurudishe nyumbani."

Maandishi ya langoni hayakumtia Kalunde hofu. Kilichomtia hofu ni ule ulaini. Alikuwa ameuona mahali, si mara moja, na akiwa pale katikati ya kituo na chupa ya asali mkononi alikumbuka wapi: kwa Mama Shija ngazini, kwa Lusekelo nyuma ya mlango uliofungwa. Hivyo ndivyo watu wanavyomtazama mtu anayepita karibu na shimo asilolijua.

Yeye alikuwa mhandisi wa mfumo ule. Alijua kwamba lango la treni halina akili yake lenyewe. Lilimuuliza Mtambuzi, na Mtambuzi alikuwa amelijibu.

Jumatatu hakwenda kazini. Alikwenda Kanyenye, kwenye jengo la ghorofa mbili lililosahaulika kati ya minara, penye kibao kilichoandikwa Ofisi ya Haki ya Kumbukumbu. Sheria ilimpa kila raia haki ya kusoma faili lake, ilimradi aje kwa miguu yake na asome kwenye karatasi, ndani ya ofisi hiyo. Ndani palikuwa na viti kumi na viwili vitupu na mtu mmoja, mwembamba, mwenye miwani ya kizamani. Aliitwa Ngassa.

"Karibu, mama. Wewe ni mtu wa tatu mwaka huu," alisema.

"Watu hawataki kujua?"

"Watu wanadhani wanayajua yaliyo yao."

Alichukua alama ya kiganja chake, mashine ikaanza kutoa karatasi. Ngassa alizipanga moja moja kwa mikono ya mtu asiye na haraka. Alipofika ya tatu, mikono ikasimama.

"Mama, umekuja na mtu?"

"Swali hilo limenichosha, baba."

Ngassa alimkabidhi karatasi. Kisha akavuta kiti kimoja hadi dirishani. "Basi kaa hapa. Pana mwanga."

Kalunde alisoma. *Mihayo, Kalunde. Daraja M-4. Dalili za awali za ugonjwa wa usahaulifu. Uhakika: asilimia tisini na moja.* Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya miezi saba nyuma. Chini yake ulifuata ushahidi, na ushahidi ulikuwa maisha yake. *Tarehe tisa, alisimama mlangoni pa jikoni sekunde arobaini na mbili bila kusudi. Tarehe kumi na moja, alisema "kile cha kuchujia" badala ya "chujio", mara tatu. Tarehe kumi na tano, alimwita bintiye kwa jina la marehemu dada yake. Tarehe kumi na nane, hatua ya mguu wa kushoto imefupika kwa sentimita mbili. Tarehe ishirini na sita, alilia bafuni dakika sita, sababu haikutambuliwa.*

Hapo alisimama. Mtambuzi hakujua kwa nini alilia. Kwa muda mfupi alifurahi, kama mtu aliyeficha kitu chini ya godoro na wezi hawakukiona. Akajaribu kukumbuka ilikuwa ni nini, siku ile, bafuni. Akatafuta mbele na nyuma ya siku hiyo. Hakupata. Machozi yalikuwa yamehifadhiwa, saa na dakika zake, na jambo lenyewe lilikuwa limepotea kwa wote wawili.

Aligeuza ukurasa. *Waliotaarifiwa.* Wa kwanza alikuwa Nyamizi. Wa pili daktari. Walifuata mwajiri, jirani, kamati ya mnara, shirika la bima, benki, duka la dawa, shirika la treni, kiwanda cha jiko. Wa kumi na saba lilikuwa duka la viatu, lililonunua haki ya kusoma miendo ya watu na likajua kwamba vidole vya Kalunde vinachelewa kufunga kamba. Walikuwa kumi na tisa. Katika mstari wa ishirini paliandikwa: *Mhusika. Asubiri. Kanuni ya 14.*

"Kanuni hii inasemaje?" aliuliza.

Ngassa alimletea kitabu. *Katika maradhi ya kumbukumbu, mhusika ataarifiwa baada ya walio karibu naye kuandaliwa, ili asipate mshtuko.* Chini palikuwa na sahihi tano za kamati iliyoitunga. Ya nne ilikuwa yake.

Alikikumbuka vizuri kikao kile cha kamati. Ya zamani bado yalikuwa yamekaa mahali pake. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, sambusa zimeletwa, kila mtu anataka kumaliza. Mtu mmoja aliuliza: waandaliwe kwa muda gani? Na Kalunde, mwenye miaka thelathini na tisa, mwenye kumbukumbu kama mtego wa chuma, alijibu bila kuinua kichwa: muda unaotosha. Wakaandika, wakaenda kula.

Alikunja mikono juu ya karatasi. Nje gari la kufagia barabara lilipita taratibu, likageuka, likapita tena.

"Nikitaka kuizima," alisema mwishowe, "nyumba yangu. Yote. Inawezekana?"

"Inawezekana, kwa sasa." Ngassa aliketi kwenye kiti cha pili ili asimzungumzie akiwa amesimama. "Daraja lako litapimwa upya baada ya siku kumi na moja. Likipanda, ridhaa yako inahamia kwa binti yako, na yeye ndiye atakayeamua. Kabla ya hapo bado ni yako. Utakuja na shahidi mmoja anayekufahamu, nami nitakuuliza maswali matatu, na utanijibu kwa kinywa chako. Lakini, mama, ukizima hapatakuwa na wa kukuangalia."

"Kuna watu kumi na tisa wananiangalia," alisema Kalunde. "Aliyenivutia kiti ni wewe peke yako, na wewe humo hata kwenye orodha yao."

Jioni ile aligonga mlango wa Mama Shija. Mapacha walikuwa sebuleni na roboti yaya. Walimwona, wakainuka kumkimbilia, bibi yao akawaita warudi. Kisha akatoka nje na kuurudishia mlango. Wakakaa ngazini, wanawake wawili waliokuwa wamekaa mlango kwa mlango miaka kumi na minne.

"Nimesoma faili langu," Kalunde alisema.

Mama Shija alishika ukingo wa khanga yake. "Pole."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza. Nililetewa ujumbe. Ujumbe wenyewe uliniambia: usisahau kumfungia gesi, usimwachie watoto, usimwambie. Uliandikwa vizuri sana. Ulisema nikikuambia nitakuumiza."

"Ukaamini?"

"Niliamini. Ila sikuweza kukaa na wewe huku ninalijua. Uso wangu ungesema. Kwa hiyo nikawa nikisikia mlango wako unafunguka, nangoja ushuke kwanza." Alifuta pua kwa khanga. "Nimekuwa nikikukimbia, Mama Nyamizi. Hilo sikuambiwa nifanye. Nililifanya mwenyewe."

Kalunde hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alimweleza kuhusu ofisi ya Kanyenye na shahidi anayetakiwa.

"Hapana," Mama Shija alisema. "Sikusaidii kujiua. Ukianguka humo ndani nani atajua? Baba Nyamizi angekufa siku ileile kama si hivyo vidude vyako. Wewe ndiye uliyetuambia, kwenye mkutano wa mnara, ukasimama ukatuambia."

"Nilisema, na lilikuwa kweli."

"Sasa?"

"Sasa huenda nikaanguka na hakuna atakayejua. Nimelifikiria tangu mchana. Linanitisha." Alitafuta namna ya kulisema. "Lakini nimeanguka tayari, Mama Shija. Miezi saba nipo chini, watu wananizunguka wananiruka, na hakuna aliyeniambia inuka wala pole. Nataka ugonjwa wangu uwe wangu. Nikiwa na jambo, nataka niwe na uwezo wa kulificha, ili siku nikilitoa, liwe nimelitoa mimi."

Mama Shija aligeukia mlango wake. Ndani watoto walikuwa wanahesabu namba na roboti. Baada ya muda alisema, "Ni saa ngapi huko Kanyenye?"

Jumatano saa tano asubuhi walikuwa wote wawili mbele ya Ngassa. Alivaa koti siku hiyo. Aliandika majina yao kwa kalamu na kuanza.

"Swali la kwanza. Unataka kuzima nini?"

"Vihisi vya kuta, vya bafuni, vya kitandani, na vile vya…" Neno likampotea. Lilikuwapo sasa hivi, akaona nafasi yake tupu. Alikuwa amelisema maelfu ya mara. Alikitengeneza kitu chenyewe, akakitetea, akalipwa kwa ajili yake. Mama Shija alifungua mdomo amsaidie, Ngassa akamwinulia kiganja kumzuia. Hapakuwa na sekunde zilizohesabiwa. Kalunde alitazama chini, akagonga kwa kisigino.

"Hiki tunachokikanyaga," alisema. "Hiki hapa. Mimi ndiye niliyekifundisha kunijua."

Ngassa aliandika polepole, herufi kwa herufi: *sakafu.* Hakunyanyua uso.

"Swali la pili. Ni nini kinaweza kukupata?"

"Kuungua. Kuanguka. Kupotea na kukosa wa kunitafuta. Kufa peke yangu."

"La tatu. Kwa nini basi?"

Alikuwa ameandaa jibu refu usiku uliopita, akaliandika na kulisoma. Sasa hakulitaka. "Kwa sababu nina mtoto mmoja," alisema, "na sijapata kumwambia kwamba ninaumwa."

Ngassa aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kisha akawapa karatasi watie sahihi. Alipomaliza akafungua droo na kutoa ufunguo wa chuma, wa kuzungusha kwa mkono, kwa sababu mlango usingemtambua tena.

Vihisi vilizimwa saa nane na robo mchana. Kalunde alikuwa amesimama katikati ya sebule akisubiri kusikia kitu. Hakikusikika chochote, kwa kuwa Mtambuzi hakuwahi kuwa na sauti. Taa za ukumbini tu zilizimika, kioo kikarudi kuwa kioo, kikamwonyesha mwanamke mwenye mvi aliyevaa sweta kinyumenyume. Alilivua akaligeuza. Alichemsha chai mwenyewe, akaweka vijiko vitatu vya sukari, akanywa akiwa amesimama. Alisema neno kwa sauti, akajizuia kwa mazoea, akakumbuka kwamba hakuna anayesikia, akaendelea kusema. Alimsema Lusekelo. Alimsema marehemu mumewe kwa kufa kwanza. Alisema mambo mawili ambayo hata katika ndoa ya miaka thelathini hakuyasema, nayo hayakuandikwa popote.

Baadaye alijikuta amesimama mlangoni pa jikoni na hajui amefuata nini. Huenda zilikuwa sekunde arobaini, huenda zilikuwa mia tatu. Hakuna aliyejua, na yeye pia hakujua. Upweke uliomshika hapo haukuwa ule wa kusahauliwa aliokuwa ameuzoea. Ulikuwa mkubwa na mtulivu kama uwanda, na hapakuwa na mtu mwingine ndani yake hata mmoja. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili mpaka ukapungua.

Simu ya Nyamizi iliingia kabla ya saa kumi.

"Mama, nukta yako imekuwa ya kijivu. Nini kimetokea? Uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Unafanya nini? Sioni kitu. Mapigo ya moyo sioni, joto sioni."

"Nimekaa."

"Mama, nani amezima? Nani amekuruhusu?" Sauti yake ilipanda, ikavunjika. "Usiguse jiko. Usitoke. Nakuja kesho na treni ya kwanza."

"Njoo," Kalunde alisema. "Nitafurahi."

Alhamisi asubuhi, saa tatu kasoro, alisikia hatua kwenye ukumbi wa nje, kisha zikasimama. Nyamizi alikuwa anangoja mlango umfungukie. Ulipokaa bila kufunguka aligonga, kwanza kwa kidole, kisha kwa ngumi, kisha ikasikika sauti yake, ya mtu anayesema neno ambalo hajalitumia tangu utoto.

"Hodi."

"Karibu."

Kalunde alihangaika na ufunguo, akauzungusha upande usio wake, akaurudisha. Walitazamana mlangoni. Nyamizi alikuwa amekonda, na kwenye nywele zake, juu ya sikio, palikuwa na mvi. Mvi hizo hazikuwamo katika muhtasari wowote, maana mihtasari ilikwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mzee kwenda kwa mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeanza mvi."

Nyamizi alishika kichwa chake. Aliingia akiangalia kuta, dari, jiko, kama anayekagua hasara baada ya moto. Alikuwa na mkoba uliojaa karatasi, na Kalunde alikisia kuwa ni za kuhamishia ridhaa yake. Alimwekea chai. Chai ikamwagika kidogo kwenye kisahani, na binti akainuka nusu amsaidie.

"Kaa," mama alisema. "Kuna jambo nataka kukuambia. Nataka ulisikie kwangu."

Nyamizi alifungua mdomo. Kalunde aliliona neno lilipofika midomoni, neno moja fupi ambalo lingemaliza kila kitu: najua. Akamwona mwanawe akilishika pale, macho yakimwenda kwenye mkoba, yakirudi kwa mama yake. Kisha akalimeza. Akauchukua mkoba mezani, akauweka chini, nyuma ya mguu wa kiti.

"Niambie, mama."

Kalunde alianza. Hakutaja daraja wala asilimia. Alieleza juu ya mlango wa jikoni, na jinsi neno linavyoweza kuondoka likaacha shimo la ukubwa wake. Alisema kuna siku alimwita Nyamizi kwa jina la dada yake, akasikia amekosea, akaona aibu kulirekebisha. Alisema anaogopa. Alisema haogopi kufa, anaogopa siku atakayomwona mwanawe mlangoni akamwuliza, wewe ni wa nani. Alikwama mara kadhaa, akazunguka, akaifikia njia kwa upande mwingine, na chai zikapoa.

Nyamizi alikuwa na habari hiyo kwa miezi saba. Ilimfika akiwa kazini, kati ya makasha ya mbegu. Aliisoma akiwa wima, akajaza fomu zilizotakiwa kujazwa, akarudi kwenye makasha. Siku ile hakulia. Sasa aliinamisha kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika, na mama yake akanyoosha mkono, akaushika utosi wake kama alivyokuwa akiushika zamani, akaendelea kumsimulia.